Ombi la Kumchukua Mama Mkwe Kabla ya Jumamosi

Kwa Shemeji mheshimiwa, kaka mkubwa wa mke wangu na msemaji wa ukoo hata pale ambapo hujaombwa kusema,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa chini ya taa ya umeme, maji yakitiririka bombani bila aibu. Mimi, kama ujuavyo, niliyaacha hayo yote. Niliacha kazi ya bima nikamhamishia dada yako huku porini, kwenye nyumba ya udongo isiyo na nguzo ya umeme wala bomba, ili watu wa mjini waje kwetu kupumzisha akili. Dada yako alinipa mwaka mmoja: wageni wasipopenda kurudi huku, tunarudi sisi mjini. Mwaka unaisha mwezi ujao, na Jumamosi hii wanakuja wageni wanane wa ofisi moja. Kwa hiyo elewa kwamba siandiki kwa chuki. Naandika kwa sababu mama yenu alikuja kutusalimia siku tatu, na hii ni wiki ya tano.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Choo. Kila mgeni akifika, mimi humpa mafunzo ya nusu saa kuhusu mfumo wetu usiotumia maji: ukimaliza, unamwaga kopo moja la maranda na majivu, unashukuru, unatoka. Wageni huandika kwenye daftari. Mama alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akauliza mbele za watu kama alichoonyeshwa ni choo cha shimo. Jamani! Tangu siku hiyo hakuna anayekiita mfumo.

2. Jiko. Nililijenga kwa mikono yangu baada ya kutazama video miezi minane. Lilikuwa linatoa moshi, sikatai, lakini niliwaeleza wageni kwamba moshi unafungua kifua, wakaupokea vizuri, wakalia, wakajisikia wepesi. Mama alilitazama mara moja tu, akauliza ni nani aliyeelekeza mdomo wake kwenye upepo, akang'oa mawe mawili, akayapanga upya. Moshi hakuna tena. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja mara ya pili aliulizia moshi wake.

3. Maji. Sheria ya hapa ni nusu ndoo kwa mtu kwa siku, na nimeiandika ukutani kwa rangi. Mama anaoga makopo mawili, yanayobaki anafulia leso, na ya leso anamwagilia miche ya nyanya. Wageni wamemfanya bingwa, wanashindana naye. Juzi ikagundulika kwamba anayetumia maji mengi kuliko wote hapa ni mimi mwenye sheria. Ndoo nzima. Nina ngozi kavu, lakini nani wa kunisikiliza?

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Kila jioni ninatoa somo la saa moja liitwalo Furaha ya Kukosa. Jioni moja sauti ilinikauka, nikamkaribisha Mama aseme maneno mawili. Akasema alibeba maji kichwani miaka ishirini ili binti yake asije akabeba hata siku moja, na sasa binti anabeba kwa kujitakia, tena ana digrii. Kisha akaomba chai. Hakuna aliyecheka. Asubuhi yake meneja mmoja wa benki, mtu mzima na kitambi chake, alifunga begi akaenda kumwona mama yake ambaye hakuwa amemwona kwa miaka mitatu. Wawili wengine wakamfuata, na walikuwa wamebakiza siku mbili! Mimi huwatibu wageni polepole ili warudi. Yeye anawaponya kwa sentensi moja na wanaondoka.

5. Dada yako anacheka. Mwaka mzima sikumsikia akicheka huku. Sasa anacheka na mama yake kuanzia jikoni mpaka bandani kwa mbuzi, na mimi nikiingia ananyamaza.

Kwa hiyo nakuomba, kwa unyenyekevu, uje umchukue kabla ya Ijumaa. Sema kuna harusi. Kama harusi hakuna, itisheni moja. Ukoo wenu haukosi mtu wa kuozeshwa. Ikishindikana kabisa, basi mwandikie umsihi ajifanye hajui: ashangae ndoo, aogope giza, aulize kuni huwashwa upande gani. Wageni wanane wakikuta bibi anayejua kila kitu, mimi watanihitaji kwa lipi?

Nisalimie mkeo, watoto, jirani yenu mwenye jenereta, na hata yule anayeniita mkimbizi wa bili.

Ni mimi, mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi na nia njema,
Shemeji yako, Mwenyeji.

Nyongeza: Niliiacha barua hii mezani nikaenda kukama mbuzi. Niliporudi, Mama alikuwa ameshaisoma, amefunga mzigo wake na kuondoka. Dada yako alikuwa anafunga wake. Shemeji, nilikimbia peku mpaka barabara kuu. Nilipiga magoti kwenye vumbi mbele ya watu waliokuwa wakisubiri basi, nikamwambia Mama jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: kwamba huku naogopa, na sijui ninachokifanya. Akasema nimbebee mzigo. Tumerudi, na dada yako amefungua mzigo wake. Kwa hiyo usije, nakusihi. Jumamosi mwenyeji ni Mama. Wageni sasa ni tisa, na huyo wa tisa ni mimi.