Shemeji na Lugha Zake Nne

Jumatatu, 4 Machi
Meneja katangaza: mkuu wa kitengo atateuliwa Ijumaa. Miaka sita naandika programu ofisi hii. Kiti hicho ni changu! Kisha akauliza nani ataondoa majina yaliyojirudia kwenye orodha ya wageni wa mkutano wa Alhamisi. Kabla sijafungua kinywa, Shemeji, mdogo wa mke wangu, miezi mitatu tu kazini, kaonyesha jibu. Kwa lugha nne za kompyuta. Mimi najua moja. Nimeona wivu, sikatai.

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu kamsifu mdogo wake mezani tangu kunawa hadi kunawa. Nikasema debe tupu haliachi kuvuma. Akauliza debe ni nani hapo. Nikaomba chumvi.

Jumatano, 6 Machi
Mbinu! Shemeji huweka majibu yake yote kwenye folda ya ofisi, wazi kwa kila mtu. Mimi ningefunga kwa kufuli saba. Meneja anataka programu ya kuchapa vitambulisho vya mkutano wa kesho. Nimenakili ya Shemeji iliyomo humo, ya lugha nyingine, nikabadilisha maneno yaingie kwenye lugha yangu. Dakika kumi! Shemeji akapita nyuma yangu, akachungulia.
“Shemeji, hiyo angalia inapoanzia kuhesabu.”
Kijicho hicho. Sikuangalia.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Kumbe lugha ile ya Shemeji huhesabu kuanzia moja. Yangu huanzia sifuri. Programu ikamruka mtu wa kwanza kwenye orodha, na mwishoni ikachapa kitambulisho kitupu. Mtu wa kwanza ni Mkurugenzi! Mlinzi kamzuia getini nusu saa, juani. Nikampelekea kile kitupu, nikamwambia ni cha heshima. Hakucheka. Shemeji akabadilisha tarakimu moja tu, jina likatoka. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu wa kitengo ni Shemeji. Roho imeniuma mpaka mgongoni. Meneja alitaka kunifukuza, lakini Shemeji kamwambia kosa ni lake, hakuweka maelezo kwenye ile folda. Kisha akaomba niwe msaidizi wake. Mke wangu kasema nikamshukuru.
Nimshukuru? Mtu akikutetea hivyo, jua anakuogopa. Jumatatu nitamwonyesha. Nimeshachukua jibu lake la kupanga tarehe, zuri mno, lugha sijui hata ni ipi. Kulisoma ni kupoteza muda.