Presha Yangu na Vyungu vya Larona

Jumatatu, 2 Septemba

Balaa! Daktari Ntshole, anayetutibu ukoo mzima tangu mama akiwa hai, kanipima presha: 168 kwa 104. Akarudia. Ile ile. Ikafuata hotuba: chumvi punguza, tembea kila siku, lala mapema, usingoje kuumwa ndipo uje. Sijaumwa hata jino! Mke wangu, Mma Tshepo, alikuwa kando yangu akiitikia kila neno.

Jumamosi mpwa wangu Larona anaolewa. Miaka kumi na tisa hapa Kanye nyama ya harusi, seswaa, nachemsha na kutwanga mimi. Daktari kasema presha isiposhuka kufikia Ijumaa, nisisogelee vyungu. Atapewa shemeji yangu Oteng! Seswaa ya Oteng ni pamba iliyolowa.

Jumanne, 3 Septemba

Mma Tshepo kagawa chumvi yote kwa majirani. Maharage yalikuwa na ladha ya sufuria.

Mimi si wa kufa njaa. Nimenunua nyama na chumvi, nikavuka kilima hadi zizini kwetu, mwendo wa saa nzima. Nimeikata vipande virefu, nikaipaka chumvi, nikaitundika kwenye mti wa mgunga ikauke iwe segwapa. Siku tatu tu. Nilimwambia mke nakwenda kutembea kama alivyoagiza daktari. Akaniombea baraka! Nilijisikia vibaya kwa muda wa dakika mbili hivi.

Jumatano, 4 Septemba

Sikutulia. Asubuhi nimekwenda kuikagua. Bado mbichi. Nimeigeuza, nimerudi. Saa tisa nikawaza nzi, nikapanda tena. Bado. Oteng kanikuta njiani nikihema, akauliza kama nafanya mazoezi au namkimbia mke. Nikamjibu akanoe kisu chake cha vitunguu.

Chakula cha jioni: mboga za majani. Chumvi hakuna. Nimelala saa mbili kwa uchovu.

Alhamisi, 5 Septemba

Nyani! Wamekula yote! Kamba tu inaning'inia. Nimewarushia mawe, nimewakimbiza mpaka korongoni, nimewatukana mama zao. Mmoja kanigeukia akiwa bado anatafuna. Nimekaa chini nikataka kulia. Siku tatu bila chumvi, na viatu vimetoboka.

Ijumaa, 6 Septemba

138 kwa 86!! Daktari kapiga makofi. Kasema nimekuwa mgonjwa wa mfano. Akauliza nimefanyaje. Nidhamu, nikasema. Moyoni najua: ni harufu ya segwapa. Kuishika tu kumeniponya, sembuse kuila.

Sharti moja: nipike, ila wa kuonja awe Oteng. Oteng!

Jumamosi, 7 Septemba

Vyungu saba vya miguu mitatu, moto mzuri, ng'ombe mnono. Oteng kaonja cha kwanza, kalamba midomo, kaniita Rra kwa heshima zote, kasema imepooza kidogo, lakini usijali, wageni watavumilia. Mbele ya wakwe!

Nani angevumilia hilo? Alipogeuka nikaongeza chumvi, nikaonja. Kijiko kimoja hakitoshi kuamua. Chungu cha pili, cha tatu. Kufika cha sita nilikuwa nimerudi cha kwanza kulinganisha. Kisha moshi ukazunguka, au mimi. Nimejikuta nimelala juu ya kuni. Daktari Ntshole, mgeni mwalikwa, alikuwa na kipimo chake mkobani. 182.

Larona alikuja mbio na gauni lake jeupe, kalikunja mkononi. Akaninyang'anya mwiko. Nilitegemea ataniombea nimalize. Kasema, "Malome, nyama nitakula popote. Mjomba ninaye mmoja. Nani atamletea mwanangu baraka nikizaa?" Nikalia kama mtoto, wakwe wakinitazama. Nilimwapia: nimekoma.

Oteng kamalizia kutwanga. Nasikia walisifu.

Jumapili, 8 Septemba

Kiapo ni kiapo. Daktari kaniandikia vidonge: kimoja kila asubuhi, nisiruke hata siku moja, na chumvi marufuku. Kaeleza mara tatu. Mma Tshepo kaeleza ya nne.

Nimelala kutwa nikifikiri. Kidonge kimoja kinashusha presha ya siku moja, sivyo? Basi kukimeza siku nisiyokula chumvi ni kukitupa. Oteng anamwoza bintiye tarehe 28, na wazee wameanza kuulizana nani atashika vyungu. Kidonge cha leo nimekiweka chini ya ulimi, nikakitema kwenye soksi. Hadi harusi nitakuwa nimeweka ishirini. Nitavimeza vyote kabla ya chungu cha kwanza, nionje kwa amani. Larona ataona jinsi mjomba wake anavyotunza afya.