Maombi ya Kuwakimbia Majirani wa Ujiji

Vedasto Kamuhabwa,
Afisa Vipimo,
Ujiji, Kigoma.

Ndugu Afisa Utumishi,

YAH: KUOMBA UHAMISHO KWENDA JIJI LA TANGA KWA SABABU YA UKARIMU ULIOKITHIRI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa heshima, na kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ameushika jirani, bado ananisalimia.

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba na huu ni mwaka wangu wa nne katika kituo hiki. Mke wangu, Christina, anafundisha hisabati Tanga. Yeye anasema Tanga ni jiji la pwani lenye watu wakarimu, na kwamba mume mwenye akili angekuwa ameshahamia zamani. Tumekubaliana niandike. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sahani. Wiki yangu ya kwanza, jirani yangu Bi Saumu aliniletea samaki aina ya migebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo kwenye sahani yenye maua. Nilikula, nikaiosha sahani vizuri, nikairudisha. Kumbe hapa sahani ya mtu hairudi tupu. Unatia chochote, japo vitunguu viwili. Jambo hilo halikuguswa kwenye semina elekezi. Bi Saumu alipoiona tupu alielewa kwamba ndani kwangu hakuna hata kitunguu, na kesho yake akaleta sahani mbili. Nikaziosha vizuri zaidi. Siku ya tatu zikaja tano, na mtaa mzima ukajua kwamba serikali imeleta afisa mwenye njaa.

2. Nilipoelezwa kosa langu, nikazirudisha zote tano zikiwa na sukari. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana sasa ikawa zamu yao. Nikajaribu kupokea bila kurudisha. Nikajikuta na sahani kumi na tisa za watu, wenyewe wakaja kuzifuata, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Mwezi Mei ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Wakahamia kwenye dagaa wakavu.

3. Kazi. Kama ujuavyo, nakagua mizani kwenye soko la samaki Katonga. Wazee wanaoshuka pale husalimia kwa kupiga makofi taratibu, huku wakimuulizia kila mtu wa nyumbani kwako, na Christina hawamsahau. Huwezi kujibu makofi ukiwa umeshika jiwe la kilo tano. Unaliweka chini, unajibu. Salamu zinapoisha na samaki wameisha, mizani imeshafungwa kwenye gunia. Mchuuzi mmoja, Abdulatif, nilifanikiwa kumkamata na mizani mbovu. Alinishukuru kwa kumfungua macho, akaivunja mbele yangu, akanunua mpya. Binti yake aliyezaliwa wiki ile anaitwa Vedasta Abdulatif. Nitamkaguaje tena baba wa mtoto huyo?

4. Upweke. Sina. Naamini mtumishi anayeishi mbali na familia anastahili upweke kidogo, angalau mwisho wa wiki. Nilipougua malaria nilitaka kulala peke yangu nilie kama mtu mzima. Walikuja kumi na mmoja, wakapangiana zamu. Bi Saumu akashuku nimekonda, akaagiza mizani ya ofisi, wakanipima sebuleni nikiwa nimefungwa shuka, kisha wakabishana kama mizani yenyewe imekaguliwa. Nilikuwa nimeongezeka kilo nane. Hawakuamini, wakaleta uji.

5. Kuhusu Tanga nimefanya uchunguzi. Likizo iliyopita nilikaa huko siku kumi na nne. Ni kweli watu ni wakarimu, ila kwa kipimo. Jirani wa Christina alinisalimia, nikamjibu, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilibaki barazani dakika arobaini nikidhani amekwenda kupakua. Huo ndio ukarimu unaomfaa mtumishi wa umma. Una mwanzo na mwisho, na mkanda wa suruali unabaki kwenye tundu lake la zamani.

Kwa hiyo naomba nihamishwe mapema iwezekanavyo. Endapo Tanga haina nafasi, basi naomba ihamishwe kaya ya Bi Saumu pamoja na kaya nyingine kumi na nane, kwa gharama za serikali, nami nibaki hapa nifanye kazi.

Nisalimie wote hapo ofisini: mhasibu, dereva, mama wa chai, mlinzi na mke wa mlinzi. Muulize mlinzi kama lile jino la binti yake limepoa, na kama halijapoa anijulishe, kuna mzee hapa ana dawa.

Wako katika utumishi na shibe,

Vedasto Kamuhabwa

Nakala: Christina, Tanga.

Tanbihi: Nakala ya Christina inaishia kwenye saini. Ukurasa huu ni wako peke yako. Kuna shule ya sekondari huku Bangwe haina mwalimu wa hisabati tangu Januari; nimekwenda kuulizia mwenyewe mara tatu. Naambatisha fomu ya uhamisho wa kumfuata mwenza. Nimeijaza kwa jina lake, imebaki saini yake tu. Maombi yaliyoko juu naomba uyakatae kwa barua yenye mhuri, yenye ukali kidogo, ili aone kwamba nilijaribu. Miaka minne nalala upande mmoja wa kitanda, na Christina namtaka kuliko lugha ya kiofisi inavyoruhusu. Ila namtaka huku. Kila akipiga simu najiandaa kumwambia, kisha nasikia sauti yake, nakubali kila anachosema. Naomba serikali imwambie kwa niaba yangu.