Farasi wa Posa

Jumatatu, 16 Desemba 1963
Nimepata farasi! Mzungu wa Diani anarudi kwao, akanipa bure, machozi yakimtoka. Miaka yote wao juu ya farasi, sisi chini tunakula vumbi. Sasa ni uhuru. Zamu yangu! Nampenda Mwanasiti hadi chakula hakipiti, na Makame naye anamtaka. Makame ana baiskeli. Nani aliyewahi kuteka mji kwa baiskeli?

Jumatano, 18 Desemba
Nimeanguka mara nne. Mzee Kimeu, aliyekuwa saisi, mtunza farasi wa Mzungu, anasema nisimpige mnyama, farasi na binadamu wameishi kwa kusikilizana tangu enzi na enzi. Nikamwambia mashujaa wa zamani hawakumsikiliza mtu. Akaniuliza kama nimewahi kuwauliza farasi wao. Mzee ana maneno huyu.

Alhamisi, 19 Desemba
Ami Mbwana amefika kutoka Funzi na wazee wawili kunipelekea posa. Nimemwamkia, nikamweleza mpango: mimi mbele juu ya farasi, wao nyuma. Akasema mposaji hukaa kwao, wazee ndio huenda. Nikamjibu hiyo ni desturi ya watu wasio na farasi. Nimeahidi kubaki nje, kimya.

Ijumaa, 20 Desemba
Aibu! Tulitoka baada ya sala. Kanzu mpya, kilemba, watu wamejaa njiani. Kwenye njia panda nikavuta hatamu twende kwa kina Mwanasiti. Farasi akashika njia ya pili. Nikavuta tena. Akaongeza mwendo! Akasimama uani kwa Mwanafatuma, mjane aliyenizidi miaka ishirini. Kumbe miaka saba mjane huyu alikuwa akimlisha farasi miwa kila Mzungu alipopita.

Wazee wangu, wageni wa mji, wakaingia na sinia la tambuu. Posa haitaji jina la mtu. Ami akasema wameona ua katika nyumba hii, wamekuja kuliomba. Kaka yake Mwanafatuma akashtuka kidogo, kisha akasema ua lipo, karibuni. Nilitaka kupiga kelele, lakini mposaji akifungua kinywa ni fedheha ya ukoo mzima. Vigelegele vikapigwa.

Jumamosi, 21 Desemba
Mwanafatuma amekuja mwenyewe. Amesema farasi amemkubali, mimi hapana. Ami akampa farasi papo hapo, kufuta aibu. Farasi akamfuata bila kamba, wala hakugeuka kunitazama. Imeniuma.

Jumapili, 22 Desemba
Makame amekubaliwa. Shangazi zake walikwenda kwa miguu. Nimelia, sifichi.

Kisha nikatafakari, nikaliona kosa langu. Farasi ni mfupi. Mwanasiti ana binamu yake kijijini Munje, jina lake Mwanatumu, msichana wa heshima sana. Kesho alfajiri naenda Mombasa kuulizia ngamia.