Umeme wa Akiba Kwenye Sinia

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimepata akili. Kitabu cha sayansi cha binti yangu kinasema mabamba mawili ya chuma yakitazamana bila kugusana, ukaliunga kila moja na ncha yake ya betri, betri huhamisha chaji kutoka bamba moja hadi jingine. Moja chanya, moja hasi. Ukichomoa waya, chaji inabaki. Umeme wa akiba! Mke wangu ana sinia mbili za kuokea mikate. Hazitumiki hadi Ijumaa, siku ya oda ya kwanza ya shule, ya kumjaribu. Wakiipenda, atawaokea mwaka mzima. Nitazirudisha kabla hajajua.

Jumanne, 4 Machi
Nailoni katikati, betri ya pikipiki ya shemeji pembeni. Shemeji ni kaka wa mke wangu, fundi redio, mjuaji kupita kiasi. Kachungulia, kasema zilijaa pale pale waya ulipogusa. Nguvu ya sinia ikilingana na ya betri, hakiingii kitu tena. Tena kilichomo ni kiduchu. Wivu tu. Tangi gani hujaa kufumba na kufumbua? Nimeziacha zijae.

Jumatano, 5 Machi
Nimejaribu kwa balbu. Giza. Shemeji kacheka mpaka kashika ukuta, kisha akanisimanga kwamba zingekaribiana zaidi zingebeba zaidi. Hakujua amenipa siri. Nimeweka nailoni nyembamba, nikapandisha cherehani juu zikandamizwe, nikaunga betri tena. Mke wangu kauliza cherehani iko wapi. Nikasema inapumzika.

Alhamisi, 6 Machi
Nailoni imetoboka, sinia zimegusana. Cheche, moshi, betri imevimba. Sinia zote zina matundu ya kupitisha kidole. Mke wangu hakugomba. Alikaa kwenye kigoda, akauliza polepole kesho ataokea kwenye nini. Niliona aibu kweli. Nimezunguka mtaa mzima kuazima. Nimepata tatu, moja ya kinyozi, ya kuwekea mikasi.

Jumamosi, 8 Machi
Shule imempa mke wangu kazi ya mwaka mzima! Kalia kwa furaha, nami nikalia. Kisha kaniomba kwa upole niende kwa mama yake wiki mbili nikasaidie kuezeka banda, jiko lipate amani.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kanipokea vizuri. Uani pamelala mabati ishirini mapya, yamepangwa moja juu ya jingine, kila moja limetengwa na mwenzake kwa nailoni. Mwenye duka kayafunga hivyo mwenyewe. Sasa naona kosa langu: sinia zilikuwa ndogo. Nimemwuliza mama mkwe, kwa heshima zote, kama trekta la jirani lina betri. Kasema linazo mbili.