Bima ya Nyumba na Moshi wa Ndizi

Jumatatu, 4 Machi 1957

Jirani yangu Elisaria amekata bima ya nyumba. Nimejuaje? Amepigilia kibati cha kampuni juu ya mlango wake, kikubwa kama sinia, kinanipiga mwanga machoni nikikaa barazani kwangu. Watu wanasimama kukisoma. Hata wasiojua kusoma! Mke wangu Josepha naye amekisoma, nikajua chakula cha usiku kitakuja na hotuba. Kikaja nayo. Alisema nyumba hii aliiacha marehemu baba yake, si baba yangu, na ikifika Ijumaa ya wiki ijayo haina bima, atamwita kaka yake Polycarp kutoka Morogoro aje aisimamie yeye. Polycarp! Mtu anayekunja leso yake vizuri kabla ya kupiga chafya.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa Kanubhai, wakala wa bima. Ofisi yake iko juu ya duka lake la vitambaa. Kuna bima ya moto. Ya moto na wizi. Ya moto, wizi na mafuriko. Nikauliza ipi rahisi. Akasema tuanze na paa: mabati sawa, makuti hapana. Halafu, je, kuna moto unaowashwa ndani? Nikaapa kwamba kwangu hata kibiriti tunawashia nje.

Nimechagua ya moto peke yake. Mafuriko ni ya watu wa bondeni kule Jangwani, na mwizi akiingia kwangu atatoka amenihurumia.

Ila nyumba ina mabati mbele tu. Chumba cha uani ni makuti, na ndimo ninamovundika ndizi zangu za kuuza, kwa moto wa pumba, usiku na mchana. Lakini kila kitu aambiwe wakala?

Alhamisi, 7 Machi

Nilikuwa na akili mpaka saa nne asubuhi. Nilikodi mabati kwa Fikirini, fundi wa Gerezani, tukayalaza juu ya makuti. Safi kabisa! Kanubhai akaja, akatazama juu, akaridhika.

Kumbe miaka yote moshi ulikuwa unapenya kwenye makuti. Leo ulipokosa njia ya juu, ukatokea mlangoni. Kanubhai akauliza ni nini. Nikasema ubani: Kwaresma imeanza jana, mama mkwe yumo ndani anasali. Josepha akanikodolea macho. Mama yake yuko Marangu.

Kanubhai ni mtu wa adabu. Akavua viatu, akasema hawezi kuondoka bila kumsalimu mama. Kabla sijamzuia alikwishafungua mlango, akaunganisha mikono, akainama, na kuipa mikungu ya ndizi shikamoo.

Hakufoka. Afadhali angefoka! Alivaa viatu polepole, akasema nichimbe shimo uani, mbali na nyumba, nivundike ndizi huko, na ninunue mabati yangu mwenyewe. Nikifanya hivyo, bima nitapata siku hiyo hiyo. Nichimbe shimo! Mimi!

Jumamosi, 9 Machi

Nichimbe kwa nini, na jirani ana bima? Nimemwomba Elisaria stoo yake ya maharage, nitamlipa kwa ndizi. Akasita. Nikamwonyesha kibati: mwenye bima anaogopa nini? Akavimba kichwa, akakubali. Tumehamisha mikungu, pumba na moto wake.

Jumatatu, 11 Machi

Sitaki hata kuandika. Kanubhai alikuja kukagua, kwangu hakuna moshi. Akageuka kuondoka, akaona wa Elisaria. Kibati kimeng'olewa pale pale, kwa nyundo yangu. Elisaria akaja kunimwagia pumba barazani, zingali zinafuka, na matusi ya Kichaga ambayo sikuwa nimeyasikia tangu utotoni. Nikiwa bado nazima moto, Fikirini naye akaja kuchukua mabati yake.

Josepha alijifunga kanga, akaenda posta kumpelekea Polycarp simu ya maandishi.

Ijumaa, 15 Machi

Polycarp alifika jana kwa treni. Leo alfajiri amechimba shimo. Saa tatu mafundi walikuwa juu ya paa na mabati mapya. Adhuhuri tulikuwa ofisini kwa Kanubhai, Polycarp anatia sahihi, mimi nimesimama kama shahidi. Moto, wizi na mafuriko, yote! Kibati kipo juu ya mlango wetu, na funguo za nyumba zipo mfukoni mwa Polycarp.

Josepha ameniambia, bila ukali, kwamba kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Hapo ndipo iliponiuma. Kuta hizi nilizipaka chokaa mimi, kwa mikono yangu, mwaka tuliooana. Nimelia kidogo nyuma ya mlango.

Na shimo lenyewe dogo! Mikungu yangu mingine imebaki nje, mibichi. Polycarp anasema ingoje zamu. Ingoje!

Lakini pale kwa Kanubhai macho yangu hayakulala. Chini ya ngazi, nyuma ya majora ya vitambaa, pana kistoo kitupu, kikavu, hakina hata dirisha. Na wakala wa bima hawezi kukosa bima. Kesho asubuhi nampelekea kapu la ndizi kumshukuru, nitamwomba liwekwe pale zisipigwe na jua. Pumba nitazitia chini kabisa, na kaa moja tu la moto.