Vita vya Koti la Mkuu wa Idara

Njooni, enyi mliowahi kukalia mabenchi ya ofisi za serikali hata suruali zikapauka, mnisikilize mimi mfagiaji wa korido ya pili, niwasimulie jinsi Daktari wa Chuo Kikuu, simba jike mwenye miwani na mafaili matano, alivyopigana na koti akalishinda.

Alikuja kutafiti jinsi watumishi wa umma wanavyoongozwa. Alihitaji sahihi moja tu ya Mkuu wa Idara kwenye kibali chake, na siku ya tatu ya kusubiri ndiyo ilikuwa ya mwisho: ikifika saa sita mchana kibali kinakufa, na utafiti wa miaka miwili unazikwa nacho.

Siku tatu alipiga kambi mlangoni. Siku tatu Karani, mlinzi wa lango, mtafuna karanga asiyechoka, alimjibu, "Mkubwa yupo, mama. Koti si unaliona kitini? Katoka kidogo tu." Na Daktari, pamoja na usomi wake wote, akaandika: Mkuu yupo.

Nikashindwa kuvumilia. Marehemu mke wangu alilisubiri koti lilo hilo wiki nzima, apate barua ya kwenda hospitali kubwa. Barua ikatoka tumeshamzika. Nikaegemea fagio nikanena:

"Mwanangu, umesoma lakini humu hujui. Koti hilo ndilo mtumishi hodari kuliko sisi sote. Linalala hapahapa, halijaomba likizo hata siku moja. Likitoka hilo, ndipo mwenyewe atahesabika hayupo kazini. Lichukue uone."

Akainuka Daktari. Akaizunguka meza kama jeshi lizungukavyo ngome, akalishika koti mabegani, akaongozana nalo ngazini taratibu, kama mtu aliyeteka mfalme.

Karani akamwaga karanga, akashika simu. "Mkubwa, koti linaondoka."

"Na nani?"

"Na mwalimu wa chuo. Wameshafika ngazini."

Haukupita muda akatokea Mkuu wa Idara, bwana wa mihuri, anahema, shavu moja limenyolewa, la pili lina povu la kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

"Dada, hilo koti langu."

"Najua, nimekaa nalo siku tatu. Weka sahihi hapa, kaka, ulivae."

Akaweka, karatasi ameiegemeza ukutani, saa sita kasoro dakika nne.

Watu wa benchi tukasimama sote, vikongwe na wajawazito, tukamfungulia njia mshindi. Na iandikwe, wakubwa wasije wakaifuta kama walivyozoea: siku ile, mchana kweupe, saa za kazi, Mkuu wa Idara alionekana kazini.